Tairi za baridi kwenye barabara za theluji: jinsi ya kuchagua, kufunga na kuziendesha

Swali linalorudi kila msimu ni hili: "gari yangu ni 4x4, si inatosha?" Haitoshi. 4x4 inakusaidia kuondoka, wili zote nne zinasukuma kwa hiyo unatoka kwenye makutano kama hakuna kilichotokea huku wenzako wanazungusha tairi tu pale pale. Sasa njoo kwenye kusimama: gari zote zina breki wili zote nne, ile ndogo ya jirani na hiyo kubwa yako, so hapo huna cha kumzidi, tena yako nzito zaidi. Kinachoshika barabara ni kale kasehemu ka raba kanakogusa chini, kwa kila tairi hakazidi sana kiganja cha mkono. Viganja vinne basi, na mambo mengine yote, ABS (ile inayozuia wili zisijifunge ukikanyaga breki), sijui mfumo wa kuzuia kuteleza, yanafanya kazi kupitia hapo hapo. Kwa hiyo kama una hela ya kutumia kwa ajili ya msimu wa baridi, anzia kwenye tairi.

Hatua ya 1: angalia joto, usisubiri theluji

Watu wengi wanangoja waone theluji ndo wakimbilie kwa fundi, na siku hiyo kila mtu yuko kwa fundi. Kipimo kinachotumika sana ni nyuzi 7 za Selsiasi. Joto likianza kushuka chini ya hapo asubuhi na jioni, badilisha, hata kama barabara ni kavu kabisa.

Sababu iko kwenye raba yenyewe. Raba ya tairi za kiangazi imetengenezwa ivumilie lami yenye joto kali bila kulika haraka, ikipata baridi inakuwa ngumu na haizami tena kwenye vile vikwaruzo vidogo vya lami ambavyo ndo vinaipa mshiko. Raba ya tairi za baridi imechanganywa tofauti, ina silika nyingi, mara nyingi na raba asilia zaidi, inabaki laini hata kwenye baridi kali. Pita dukani siku ya baridi ubonyeze meno ya tairi kwa kidole gumba, ya kiangazi na ya baridi, utaelewa haraka kuliko maelezo yangu haya.

Cha pili ni ule mchoro. Ukiangalia jino moja la tairi ya baridi kwa karibu utaona limekatwakatwa mikato myembamba sana, kama limepitishwa wembe, inaenda kwa mawimbi. Tairi ikigusa chini ile mikato inafunguka kidogo na kila mkato unakuwa na kingo zake za kung'ata, na kwenye barafu inanyonya ile ngozi nyembamba ya maji inayoleta utelezi. Mifereji mikubwa kati ya meno nayo ina kazi ambayo wengi hawaijui: inatakiwa ijae theluji. Ndiyo, ijae, mana theluji inashikana na theluji yenyewe vizuri kuliko inavyoshikana na raba, ndo ile ile inayokuwezesha kufinyanga tonge la theluji mkononi likashikamana. So ukiona tairi yako imepakwa nyeupe usikimbilie kuikwangua.

Hatua ya 2: soma ubavu wa tairi kabla ya kusikiliza muuzaji

Kuna alama mbili na zinachanganywa kila siku.

Ya kwanza ni herufi M+S, yaani matope na theluji. Hii mtengenezaji anaiweka mwenyewe kutokana na muundo wa meno tu, hakuna jaribio lolote la theluji ambalo tairi inalazimika kufaulu. Ndo maana utaikuta hata kwenye tairi za jeep ambazo kwenye barafu ni balaa.

Ya pili ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Hii ndo ya kutafuta. Tairi yenye huo mlima imepelekwa kwenye theluji iliyoshindiliwa ikapimwa pamoja na tairi ya kulinganishia na ikaishinda kwa kiwango kilichowekwa. Ujerumani kwa mfano tangu Oktoba 2024 tairi yenye M+S peke yake haihesabiwi tena kuwa ya baridi, lazima mlima uwepo.

Ila ona hapo, jaribio ni la theluji, sio la barafu. Kama unaishi sehemu ambayo barabara zinaganda miezi kadhaa mfululizo tafuta na alama ya barafu. Kwenye lebo za tairi za Umoja wa Ulaya za kuanzia Mei 2021 iko karibu na ule mlima, ni kamchoro ka barafu iliyochongoka. Tairi nzuri za theluji sio lazima ziwe nzuri kwenye barafu, na hapa ndo tairi za baridi zinagawanyika makundi mawili hata kama dukani zote zimeandikwa "za baridi":

- Za nchi zenye baridi ya wastani, ambako siku nyingi barabara ni lami yenye maji na theluji inakuja na kuondoka. Hizi raba yake ni ngumu kidogo, zinatulia kwenye spidi kubwa, zinasimama vizuri kwenye mvua.
- Za kaskazini, zile za Finland, Sweden, Norway na sehemu kubwa za Kanada. Laini zaidi, mikato mingi zaidi, zinashika barafu vizuri sana ila kwenye lami iliyolowa na joto la nyuzi 5 gari inayumba yumba na breki zinachukua nafasi ndefu.

Kuchukua za kaskazini kwa sababu tu "ndo kali zaidi" wakati we unaendesha kwenye mvua miezi minne ni kujiumiza bure. Chagua kwa barabara unayopita siku nyingi, na zile siku mbili tatu mbaya kabisa acha gari upande basi.

Na zile za misimu yote? Zikiwa na mlima zinafaa kwa mtu wa mjini ambako theluji ni ya kubahatisha na magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha theluji yanapita mapema. Kwa anayepanda milima au anayetoka alfajiri kabla barabara haijasafishwa, hapana, mimi simshauri.

Hatua ya 3: misumari au bila misumari

Tairi za misumari zina vichuma vidogo vyenye ncha ngumu vilivyopandwa kwenye raba, vinachimba barafu. Hakuna kinachozishinda kwenye barafu tupu yenye unyevu, hasa joto likiwa karibu na nyuzi 0. Hapa watu wanashangaa, wanadhani baridi ikizidi ndo utelezi unazidi, kumbe barafu ya nyuzi 0 ndo mbaya zaidi mana juu yake kuna maji, ya kasoro 20 inashikika kiasi.

Hasara zake: kelele, zinakwangua lami na kutoa vumbi, na kwenye lami tupu zinaweza kuchelewa kusimama kuliko zisizo na misumari. Afu kuna sheria. Ujerumani zimepigwa marufuku karibu kote. Japani ilipitisha sheria ya kuzizuia mwaka 1990 kwa sababu ya lile vumbi. Sweden zinaruhusiwa kuanzia 1 Oktoba hadi 15 Aprili, na kuna mitaa haziingii kabisa. Kwa hiyo kama unavuka mipaka na gari angalia sheria ya kila nchi unayopita, sio ya kwako tu.

Msimamo wangu: kama kila siku unapita barabara za vijijini ambazo hazimwagiwi chumvi, chukua misumari bila kujiuliza mara mbili. Mjini acha. Na ukizinunua mpya usizipige spidi siku ya kwanza, kilomita 500 za mwanzo nenda taratibu, usiondoke kwa kishindo wala kukanyaga breki za ghafla, misumari inatakiwa ikae vizuri kwenye raba la sivyo itaanza kuchomoka mmoja mmoja.

Hatua ya 4: saizi

Chukua mfano 205/55 R16 91T. 205 ni upana kwa milimita, 55 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, R ni radiali, yaani muundo wa ndani wa tairi, 16 ni rimu kwa inchi. 91 ni namba ya uzito ambao tairi moja inabeba, hapo ni kilo 615. T ni spidi ya juu, kilomita 190 kwa saa. Q ni 160, H ni 210.

Namba ya uzito usishushe kamwe chini ya iliyoandikwa kwenye gari yako. Ya spidi kwa tairi za baridi nchi nyingi zinakuruhusu kushuka, kuna zinazotaka ubandike kikaratasi mbele ya macho kinachokukumbusha hiyo spidi. Wenye gari za umeme muwe makini zaidi na hiyo ya uzito sababu betri ni nzito, na mara nyingi unatakiwa tairi iliyoandikwa XL, yaani ya kubeba uzito zaidi.

Kama kitabu cha gari kinakubali rimu ndogo zaidi na tairi nyembamba zaidi, kwa msimu wa baridi chukua hizo. Tairi nyembamba inakata theluji laini na matope ya theluji ikafika chini, ile pana inaelea juu. Na ubavu mrefu unaokoa rimu kwenye mashimo yaliyofichwa na theluji. Ila hakikisha rimu ndogo haigusi breki, sio kila rimu ya 15 inaingia kwenye gari iliyotoka kiwandani na 17.

Hatua ya 5: nunua nne

Kuna fundi atakwambia "weka mbili tu kwenye wili zinazovuta". Usikubali. Ukiweka mbili mbele peke yake, mbele inashika nyuma inateleza, yaani siku unakanyaga breki kwenye kona matako ya gari yanakuja kukupita. Ukiweka mbili nyuma tu, gari haikunji kona, unazungusha usukani na inaendelea moja kwa moja kama haijakusikia. Nne, za aina moja, zilizolika kwa kiwango kinachokaribiana.

Za mtumba zinawezekana, ila kagua vitu vitatu. Kwanza kina cha meno. Tairi mpya ya baridi inakuwa na milimita 8 hadi 9 hivi, na ikifika 4 kazi yake kwenye theluji imeisha hata kama bado ina sura ya tairi. Sheria zinatofautiana, Austria wanataka 4, Sweden, Finland na Norway ni 3, lakini mimi naishia 4 popote pale. Tairi nyingi zina vinundu vya kuonyesha hilo ndani ya mifereji, angalia vile vya theluji na sio vile vya chini kabisa vya milimita 1.6. Pili umri: tafuta namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni, 3523 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2023. Raba inakauka hata ikikaa stoo, tairi ya miaka 9 yenye meno marefu ni tairi ngumu yenye meno marefu. Tatu zile nyufa ndogo ndogo na uvimbe ubavuni, ukiona uvimbe rudisha, haina mjadala.

Hatua ya 6: kufunga

Kama unafunga mwenyewe na tairi tayari ziko kwenye rimu zake, hii ni kazi ya saa moja. Sehemu tambarare na ngumu, hendibreki, legeza nati kidogo kabla hujapiga jeki. Ukivua wili sugua kutu pale rimu inapokalia kwa brashi ya waya, ukiacha kutu rimu haikai sawa na nati zitalegea baadaye. Usipake oili kwenye meno ya boliti. Angalia mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka, au maandishi ya "upande wa nje", tairi ya mshale ikifungwa kinyume haitoi maji wala matope ya theluji inavyotakiwa.

Kaza nati kwa kuruka, hii afu ya upande wa pili, sio kwa kuzunguka mduara, na mwisho malizia gari ikiwa chini kwa spana yenye kipimo, nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100 rudi ukaze tena. Hii hatua ya kukaza tena ndo watu wanairuka na ndo inayong'oa wili barabarani.

Zikianza kutetemesha usukani kwenye spidi ya 80 au 90 hiyo ni balansi, yaani uzito wa wili haujakaa sawa pande zote, peleka kwa fundi.

Hatua ya 7: upepo

Baridi inashusha presha. Kila joto likishuka nyuzi 10 unapoteza kama bar 0.1, yaani psi 1 na nusu hivi. Ukijaza kwenye gereji yenye nyuzi 20 ukatoka nje kwenye kasoro 10, tayari imepungua kama bar 0.3 na ile taa ya tairi itawaka asubuhi. Haina maana tairi ina pancha, ina maana umepima sehemu ya joto. Pima tairi zikiwa zimepoa, nje, na fuata karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva. Kila wiki mbili tatu angalia, na baridi ikibadilika ghafla angalia tena.

Ule ushauri wa kupunguza upepo ili tairi ishike theluji zaidi uache kwa watu wanaotoa gari kwenye shamba. Barabarani tairi laini inapata moto, inayumba, na meno yanajikunja badala ya kung'ata.

Hatua ya 8: kuendesha kwenyewe

Hapa ndo kuna kazi. Tairi nzuri inakusaidia kusimama mapema zaidi, haifuti utelezi.

Angalia hesabu. Ukiwa 50 kwa saa kwenye lami kavu, breki zenyewe zinahitaji kama mita 12. Kwenye theluji iliyoshindiliwa na tairi za baridi inakuwa kama 40. Kwenye barafu laini inaweza kukaribia 100. Na bado hujahesabu ile sekunde moja ya kushtuka ambayo kwa hiyo spidi umeshakula mita 14. Spidi ikiongezeka mara mbili, umbali wa breki unaongezeka mara nne. So punguza spidi kwanza, mengine baadaye. Umbali na gari ya mbele hesabu kwa sekunde: aliyeko mbele akipita nguzo anza kuhesabu, wewe ukifika kwenye hiyo nguzo ziwe zimepita 6 kwenye theluji, na kwenye barafu 10. Watu watakuingilia katikati, waache waingie, rudi nyuma tena.

Kila siku ukitoka, pima barabara. Sehemu iliyonyooka, hakuna mtu nyuma, uko 20 au 30 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu mara moja uone. Pedali ikianza kutetemeka na kugonga gonga chini ya mguu, hiyo ni ABS inafanya kazi, usiachie, endelea kukanyaga na elekeza usukani unakotaka kwenda. Wengi wakisikia ule mtetemo wanashtuka wanatoa mguu, na hapo ndo wanagonga. Ni bora uusikie mara ya kwanza kwenye njia tupu kuliko nyuma ya lori.

Kanuni ya vitendo ni moja tu: usiiombe tairi vitu viwili kwa wakati mmoja. Breki malizia kabla ya kona, kwenye kona kunja tu, ukishanyoosha ndo uongeze mafuta. Dereva anayeteleza kwenye kona kwa kawaida alikuwa anakunja huku anakanyaga breki.

Kuondoka: mguu mwepesi. Gari ya gia za mkono jaribu gia ya pili, achia klachi taratibu. Ya otomatiki ikiwa na modi ya theluji iwashe, inapunguza nguvu ya kuanzia.

Kupanda mlima: chukua mwendo chini kabla hujaanza, subiri aliye mbele amalize kwanza kama unaweza, afu mguu ubaki pale pale mpaka juu. Ukisimama katikati ya mlima ujue umeshaharibu. Kushuka: gia ndogo, acha injini ishike gari, breki ziguse guse tu. Kwa gari za umeme punguza ile breki inayorudisha chaji, hasa inayovuta nyuma, mana ukiachia pedali ghafla kwenye barafu ni sawa na umevuta hendibreki.

Kruizi kontroli, ile inayoshikilia spidi yenyewe, zima. Huwezi kuhisi barabara kama mguu hauko kwenye kazi.

Ikiteleza mbele, yaani unakunja na gari haikunji: achia mafuta, na punguza ule mkunjo kidogo mpaka tairi ishike tena. Najua mwili unataka kukunja zaidi, lakini tairi iliyokunjwa sana inasukuma theluji tu pembeni. Ikiteleza nyuma: mguu nje ya mafuta, angalia unakotaka kwenda, sio kwenye mti, na peleka usukani upande ule ule nyuma inakoenda, taratibu, na uwe tayari kurudisha haraka sababu ikishika inaweza kukurusha upande wa pili. Ukishapotea kabisa, breki mpaka chini na ushikilie.

Barafu nyeusi nayo haionekani, lami inaonekana imelowa tu. Dalili ya kutegemea ni masikio. Kwenye lami yenye maji unasikia ule mchirizo wa maji chini ya tairi, ukikatika ghafla gari ikawa kimya na usukani ukawa mwepesi, uko juu ya barafu. Usifanye kitu chochote kwa ghafla, achia mafuta pole pole na ushike usukani ulivyo. Sehemu zake ni madaraja, mana upepo wa baridi unapita juu na chini, vivuli vya miti na majengo, na mdomo wa mahandaki. Na matope ya theluji yale ya kijivu yaliyojaa maji, usiyadharau, gari inaelea juu yake kama kwenye mvua kubwa, hasa ukibadilisha njia ukavuka lile tuta lililoachwa katikati.

Hatua ya 9: cheni

Kuna barabara za milimani utakuta kibao cha tairi yenye cheni, hapo hata tairi mpya ya baridi haitoshi, ni lazima. Cheni zinafungwa kwenye wili zinazovuta. Kwa 4x4 fuata kitabu cha gari, mana kuna gari ambazo nafasi ya ndani ni ndogo cheni inakata bomba la breki. Saizi ya cheni lazima ilingane na namba ya tairi.

Fanya mazoezi nyumbani mchana, mikono ikiwa na joto. Kuzifungua kwenye boksi kwa mara ya kwanza saa 2 usiku kandokando ya barabara, vidole vimekufa ganzi, simwombei mtu. Ukishafunga tembea mita chache, simama, kaza tena. Spidi isizidi 50 kwa saa, na ukifika lami tupu vua, zinakatika na kuharibu tairi.

Hatua ya 10: ukikwama

Usizungushe wili. Kila mzunguko unayeyusha theluji kidogo, inaganda tena, unajitengenezea kioo. Kuwa na koleo ndogo kwenye buti, mfuko wa mchanga, glovu, tochi. Chimba mbele na nyuma ya tairi zote na theluji iliyoshikilia tumbo la gari, nyoosha tairi ziangalie mbele, mwaga mchanga, afu zima ule mfumo wa kuzuia kuteleza kwa muda, ndo wakati pekee wa kuuzima, na yumbisha gari mbele na nyuma taratibu. Mazulia ya miguu yanasaidia pia, ila hakuna mtu kusimama nyuma yake, yanaruka.

Kama itabidi ukae ndani injini ikiwaka, kwanza toa theluji kwenye eksozi. Eksozi ikizibwa moshi unarudi ndani, na hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, unalala tu na huamki. Hata ukishasafisha, theluji ikiendelea kuanguka toka uangalie tena.

Hatua ya 11: msimu ukiisha

Joto likipanda na kutulia juu ya nyuzi 7, vua. Ile raba laini kwenye lami ya moto inalika haraka sana na breki zinakuwa ndefu kuliko za tairi za kiangazi, na za misumari zikipitiliza tarehe unapigwa faini.

Kabla ya kuvua andika kwa chaki kila tairi ilikuwa wapi, mbele kushoto, nyuma kulia, ili msimu ujao uzibadilishane mbele na nyuma zilike sawa. Zioshe, chumvi isibaki kwenye rimu, toa vijiwe kwenye meno, zikauke kabisa. Stoo iwe kavu, baridi na giza, mbali na mafuta, petroli na mota za umeme, mana mota zinatoa ozoni inayokausha raba. Zenye rimu zilaze moja juu ya nyingine au zitundike, zisizo na rimu zisimamishe na kila baada ya wiki kadhaa zizungushe kidogo zisikae upande mmoja. Na pima meno siku hiyo hiyo unayovua, zikiwa zimebaki milimita 4 au 5 nunua zingine mapema, kabla foleni ya kwa fundi haijaanza.